Bima ya gari: Bei nafuu si hoja pekee ya kuzingatia

MAZERAS ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Nairobi hupitisha hapo malori yenye makontena ya bandarini, na papo hapo huchepuka barabara inayopanda vilima kuelekea Rabai na kuendelea hadi Kaloleni. Mkazi wa Rabai, Kaunti ya Kilifi, anayenunua gari lake la kwanza, liwe la kwendea kazini Mombasa au la kubebea nazi hadi sokoni, hana budi kuzitumia barabara zote mbili. Kabla ya kuliingiza gari humo sharti alikatie bima, na swali la kwanza analomwuliza wakala huwa moja tu: Bei gani?

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa pesa ni adimu. Hata hivyo, bima si bidhaa inayoweza kushikwa na kupimwa siku ya kununuliwa. Anachonunua mteja ni ahadi kwamba siku ya hasara mtu mwingine atalipa. Thamani ya ahadi hutegemea nani ameitoa na ameahidi nini hasa. Mambo hayo mawili hayaonekani katika bei.

Sheria inavyosema

Sheria ya Bima ya Magari kuhusu Madhara kwa Mtu wa Tatu, Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima ya kuwafidia watu watakaouawa au kujeruhiwa. Bima hiyo haitengenezi gari la mwenyewe likiharibika wala haimrudishii likiibwa. Anayetaka kinga hiyo hununua bima kamili. Katikati ipo bima inayoongeza hasara za moto na wizi juu ya ile ya mtu wa tatu.

Kwa vile bima ya mtu wa tatu ni ya lazima, wengi huichukulia kuwa sawa kila mahali na hivyo kukimbilia iliyo ya bei ya chini kabisa. Hapo ndipo kosa huanzia. Lazima ya kisheria inahusu kifo na majeraha, si mali. Dereva akigonga lori au kubomoa ukuta wa duka Mazeras, kiasi kitakacholipwa hutegemea kikomo kilichoandikwa katika mkataba wake, na vikomo hivyo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Hata kwa majeraha na kifo, kinga ina mpaka. Tangu marekebisho ya sheria hiyo ya mwaka 2006, kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi Sh4.5 milioni, kwa mfano, zile Sh1.5 milioni zinazozidi ni deni la mwenye gari. Asipolipa, mdai ana haki ya kuomba mali yake ikamatwe na kuuzwa na madalali wa mahakama.

Kampuni ikianguka

Historia ya bima nchini Kenya inaonyesha kwamba kampuni inaweza kutoweka kabla ya kutimiza ahadi. Kampuni ya taifa yenyewe, Kenya National Assurance, iliporomoka mwaka 1996. United Insurance iliwekwa chini ya meneja wa kisheria mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011 na Concord mwaka 2013. Mwaka 2022 ikafuata Resolution. Miongoni mwa kampuni hizo zimo zilizokuwa na wateja wengi wa matatu.

Funzo kwa mwenye gari ni zito. Hukumu ya ajali hutolewa dhidi ya mwenye gari au dereva wake, na kampuni ya bima hubeba tu jukumu la kuilipa kwa niaba yake. Kampuni ikishindwa, hukumu haifutiki. Hubaki imeandikwa jina la aliyelipa ada yake kikamilifu na kwa wakati.

Ipo Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima, ambayo kila mteja huichangia asilimia 0.25 ya ada anayolipa, na kampuni yake huchangia kiasi kama hicho. Hazina hiyo huwafidia wadai wa kampuni iliyofilisika, lakini kikomo chake ni Sh250,000 kwa kila dai. Ukilinganisha kiasi hicho na Sh3 milioni ambazo kampuni hai ingelipa, utaona ukubwa wa pengo.

Ndiyo maana hali ya kampuni yafaa kuchunguzwa kabla ya bei. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, iliyoanza kazi mwaka 2007, huchapisha kila mwaka orodha ya kampuni, mawakala na madalali wa bima walio na leseni. Vilevile hutoa takwimu za kila robo mwaka zinazoonyesha jinsi kila kampuni inavyolipa madai. Kampuni inayotoza kidogo kuliko wenzake wote huku madai yakirundikana bila kulipwa inajieleza yenyewe.

Yaliyomo katika mkataba

Baada ya kampuni, uchunguzi uhamie kwenye mkataba. La kwanza ni thamani ya gari. Wako wanaotaja thamani ya chini ili ada ipungue. Gari la Sh1 milioni likikatiwa bima ya Sh600,000, mwenyewe huhesabiwa kuwa amejibebea asilimia 40 ya hatari. Likipata hasara ya Sh300,000, kampuni yaweza kulipa Sh180,000 pekee, hata kabla ya makato mengine.

La pili ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia katika kila ajali. Tuchukue mfano wa gari la Sh800,000. Kampuni moja inatoza ada ya Sh28,000 kwa mwaka, na mteja hujilipia asilimia tano ya thamani ya gari, yaani Sh40,000. Ya pili inatoza Sh34,000, na mteja hujilipia asilimia 2.5, yaani Sh20,000. Gari likigongwa na gereji ikadai Sh90,000, kampuni ya kwanza italipa Sh50,000 na ya pili Sh70,000. Aliyeokoa Sh6,000 kwenye ada amepoteza Sh20,000 kwenye fidia. Rahisi imekuwa ghali.

La tatu ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya binafsi halikukusudiwa kubeba abiria wa kulipa nauli. Mwenye gari dogo anayepakia watu Mazeras na kuwashusha Rabai au Kaloleni kwa malipo huipa kampuni sababu ya kukataa dai lake, au ya kumdai mwenyewe yale iliyomlipa majeruhi. Bima ya gari la abiria ni ghali zaidi, lakini kwa kazi hiyo ndiyo inayofaa. Ni vivyo hivyo kwa bodaboda na tuktuk.

La nne ni hatari zilizoachwa nje. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, magari mengi yaliteketezwa katika ghasia, na wenyewe wakagundua kwamba mikataba yao haikuhusisha fujo za kisiasa. Siku hizi kinga hiyo huuzwa kama nyongeza. Wakala aulizwe pia kuhusu mafuriko, jambo lisilopuuzwa Pwani wakati wa masika, kuhusu vioo na redio, na kuhusu gharama ya kulivuta gari lililokwama usiku mbali na gereji.

Wanaovuka mpaka wana swali la ziada. Anayepitia Lunga Lunga kwenda Tanga, au Malaba kwenda Uganda, huhitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hupeleka kinga ya mtu wa tatu katika nchi anayoingia. Tanzania ilijiondoa COMESA mwaka 2000, lakini imesalia katika mpango wa kadi hiyo. Kadi haitengenezi gari la msafiri mwenyewe, kwa hivyo mwenye bima kamili aulize iwapo kinga yake inavuka mpaka pamoja naye.

Malipo na cheti

Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla ada haijalipwa au kudhaminiwa. Kwa hivyo ni salama kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, si mfukoni mwa mtu, na kudai risiti. Cheti cha kidijitali, kilichoanza kutumika nchini mwaka 2020, huweza kuthibitishwa kupitia mfumo wa Chama cha Kampuni za Bima. Kufanya hivyo siku ya ununuzi ni bora kuliko kusubiri polisi wafanye hivyo kando ya barabara. Anayelipa kwa mwezi aweke kumbukumbu ya siku ya mwisho, kwani ajali ya siku moja baada ya muda kwisha haina mlipaji.

Hayo yote yakishatimizwa, bei inarudi mezani kwa haki yake. Kati ya kampuni mbili zilizo imara, zenye mikataba inayolingana na sifa ya kulipa madai, hakuna ubaya kuchagua iliyo nafuu. Mteja adai nakala ya mkataba wenyewe, si karatasi ya bei tu, na aisome au asomewe kabla ya kutoa pesa. Tahadhari kabla ya hatari, kwani siku ya ajali hakuna tena nafasi ya kuubadilisha mkataba.