Mtaa ni Pa Kungojea: Kafuro, Murongo na Swali la Barabara za Vijiji Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2022, miezi michache kabla ya sensa ya tarehe 23 Agosti, serikali iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi nchi nzima. Kila nyumba ipate namba, na kila namba ifungamane na jina la barabara, mtaa au njia. Katika miji mikongwe kazi hiyo ilikuwa, kwa sehemu kubwa, kuandika kinachojulikana tayari. Katika vijiji vya wilaya za Karagwe na Kyerwa ilikwenda kinyumenyume: kwanza itafutwe barabara, kisha ipewe jina, ndipo nyumba iambiwe kuwa ipo kandokando yake. Lakini nyumba ya Mnyambo, mwenyeji wa wilaya hizi, iliyojengwa katikati ya kibanja, imezungukwa na migomba na mibuni, mlango ukitazama uwanja wake mwenyewe na mpaka ukilindwa na mmea wa mulamula, haikuwahi kuwa ya barabara yoyote. Ilikuwa ya mwenyewe, ya ukoo wake, ya kilima chake.

Sina ugomvi na namba. Mgonjwa akizidiwa usiku, dereva wa gari la wagonjwa anahitaji kitu cha kufuata. Ugomvi wangu ni na picha ya mtaa iliyojificha ndani ya zoezi lile, picha ambayo wapinzani wake nao, kwa bahati mbaya, wanaishiriki. Msimamizi wa anwani anaamini kwamba palipo na njia na nyumba pana mtaa. Anayembishia husema kwamba kijiji cha upande huu wa Ziwa Viktoria hakikuwahi kuwa na mtaa, kwamba vibanja vilitawanyika vilimani mpaka Mwarabu, Mhindi, mkoloni na hatimaye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 walipokuja kuvipanga. Wawili hawa wanagombana juu ya tarehe tu. Wote wanachukulia kwamba mtaa ni mstari. Makala haya yanadai kwamba katika Karagwe ya zamani, na kwa kiasi kikubwa hata ya leo, mtaa ulizaliwa mahali ambapo watu walilazimika kusimama na kungoja. Njia ilikuwa sababu ya pili.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa limetuponza. Kwa Waswahili wa pwani mtaa ni sehemu ya mji pamoja na watu wake. Mkomani na Langoni kule Lamu ni mitaa, na hakuna anayeweza kuitembea kutoka mwanzo hadi mwisho kama mtu atembeaye barabarani. Mombasa walipotaka kutaja njia kubwa waliita Ndia Kuu, wakaacha neno mtaa lifanye kazi yake. Sheria zetu za serikali za mitaa zina maana hiyohiyo ya eneo, ila zimeigawa: mtaa ni wa mjini, kijijini kuna kitongoji. Kwa Kinyambo njia ni omuhanda, na omuhanda haukai mtu. Majina ya mahali ya wilaya hizi yanaonyesha jambo hilo vizuri. Omurushaka, Omugakorongo, Omukariro: yote yanaanza na omu-, kiambishi cha kuwa ndani ya mahali. Omurushaka ni kichakani. Jina halisemi unakopita, linasema ulipo.

Kuhusu historia ya ufalme wa Karagwe hakuna haja ya kurudia mengi. Ford na Hall katika makala yao ya 1947, na Israel Katoke katika kitabu chake cha 1975, wametuachia nasaba, vita na mipaka ya dola. Hartwig, mwaka 1970, alionyesha jinsi Ziwa Viktoria lilivyogeuka kuwa njia ya biashara katika karne ya 19. Sibishani nao. Ninacholalamikia ni kwamba shughuli yao ilikuwa mfalme na msafara, yaani anayekaa na anayepita. Anayesubiri katikati yao hakuwa swali la mtu yeyote, ilhali ndiye aliyejenga Kafuro.

Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu, iko bondeni, karibu na Bweranyange uliokuwa mji mkuu wa ufalme. Mpelelezi Mwingereza Speke alipoingia Karagwe Novemba 1861 alikikuta kituo hicho, akaliandika jina lake Kufro. Mpelelezi mwingine, Stanley, alifika mwanzoni mwa 1876 na kutuachia maelezo yaliyo wazi zaidi: bonde lililozama kama futi 1,200 chini ya vilele vinavyolizunguka, penye chemchemi za kijito, na umuhimu wake wote ukitokana na matajiri wawili watatu tu, Hamed Ibrahim, Sayid bin Saif, na Sayid mwingine wa Maskati. Wawili watatu! Wale wanaoandika juu ya "mji wa Waarabu" wa Karagwe wangefaa wairudie hesabu hiyo. Kwa idadi hiyo hatuna mji. Tuna nyumba chache za matajiri, nyumba za watu wao, ng'ombe, ghala za pembe za ndovu, na watumwa. Hata hivyo palikuwa mtaa, kwa maana ile ya pwani: mahali penye jina, penye wakazi wanaojulikana kuwa wa pale, penye mlango wa kubisha msafara unapoingia.

Kwa nini bondeni, na kwa nini pale? Kama mtaa ungekuwa mtoto wa njia, ningetegemea kuukuta mahali njia inapokuwa nyepesi au zinapokutana njia nyingi. Nasoma mahali pale kwa namna nyingine. Kafuro ilikuwa karibu na ikulu kiasi cha mtu kuitwa asubuhi akafika, na mbali kiasi cha kutoona nani anaingia kwa mfalme na nani anatoka. Mfalme Rumanyika aliwaweka wageni umbali wa wito. Kule Buganda, Nateete ya Waarabu ilikuwa na uhusiano wa namna hiyohiyo na jumba la Mutesa, Kabaka, yaani mfalme, wa huko. Tena Buganda ndiyo iliyokuwa na barabara pana zilizosafishwa, ambazo Speke alizifananisha na barabara za magari ya farasi za kwao. Kama barabara pana ndiyo inayozaa mtaa, basi kila kilomita ya barabara zile ingekuwa na maduka.

Sasa tazama kilichowaweka watu pale. Msafara kutoka Tabora ulipitia Usui, ukafika Karagwe, na hapo ukakwama. Kwenda Buganda kulihitaji ruhusa ya Kabaka: mjumbe aende, asikilizwe, arudi. Rwanda upande wa magharibi ilikuwa imewafungia wafanyabiashara mlango. Speke alifika kwa Rumanyika tarehe 25 Novemba 1861 akaondoka Januari. Mwenzake Grant, mguu ukiwa umemwoza, alibaki mpaka Aprili. Hao walikuwa wageni wenye haraka na wenye barua za wakubwa. Mfanyabiashara wa kawaida alingoja ruhusa, akangoja pembe, akangoja bei, akangoja masika yaishe. Mtu akingoja hivyo mwaka wa kwanza hupanga chumba. Mwaka wa tatu hupanda mgomba. Hamed Ibrahim ambaye Stanley alimkuta alikuwa na ng'ombe wake, na mtu hafugi ng'ombe mahali anapopita. Watumwa wake nao walikuwa wakazi wa mtaa huo, bila kuulizwa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Tabora aliyekuwa na maslahi Kafuro. Rumanyika na nduguye Rogero walipogombea kiti, Musa alimpelekea Kabaka Suna pembe ili jeshi la Buganda limsaidie Rumanyika. Mpita njia hafanyi hivyo. Mpita njia akisikia vita hubadilisha njia. Anayetoa mali yake ili fulani atawale ni yule ambaye ghala lake halihamishiki, ambaye ameshakuwa mwenyeji wa kungoja kwake. Kafuro iliingilia urithi wa kiti cha Karagwe kwa sababu ilikuwa mtaa, na ilikuwa mtaa kwa sababu watu wake hawakuweza kuondoka bila hasara.

Nayo ilikufa vipi? Hapa Hartwig ananisaidia kuliko alivyokusudia. Mitumbwi na majahazi yalipoanza kubeba mali kutoka kusini mwa Ziwa moja kwa moja hadi Buganda, ruhusa iliyokuwa ikisubiriwa Karagwe ikawa inasubiriwa kwingine. Kisha akafa Rumanyika, wakauana warithi, ikaja sotoka, tauni ya ng'ombe, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Wajerumani wakaweka boma Bukoba, mwaka 1890, pwani ya Ziwa. Vilima havikuhama na njia za miguu hazikufutika. Watu na ng'ombe waliendelea kuzipita. Kilichotoweka ni sababu ya kusimama, na Kafuro ikatoweka nayo.

Nitaambiwa kwamba mashahidi wangu wamependelea. Speke, Grant na Stanley walikuwa wenyewe wakingoja, kwa hiyo waliona kungoja kila mahali. Hoja hii ni nzuri, nami naikubali nusu. Lakini mtu anayengoja ndiye pekee mwenye muda wa kuona mtaa. Aliyepita mbio hutuachia majina ya vituo na idadi ya saa.

Pingamizi zito zaidi ni la Operesheni Vijiji. Azimio la 1973 lilitaka wananchi wote wakae vijijini ifikapo 1976, na mahali pengi Tanzania nyumba zilipangwa mstari kwa kamba na vigingi. Ni kweli. Hata hivyo katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, mazao ya kudumu yaliikwamisha kamba hiyo. Shamba la mtama unaweza kuliacha ukalima lingine. Kibanja kina migomba ya babu na makaburi ya babu. Palipopangwa mstari palibaki na mstari, na mpaka leo watu wake wakitaka kuonana huenda kwenye njia panda.

Kwa hiyo twende kwenye njia panda. Pale Omurushaka barabara itokayo Kyaka inagawanyika, moja ikishika Kayanga na nyingine Nkwenda na Kaisho hadi Murongo. Lami ya Kyaka–Bugene, kilomita 59.1, imefupisha safari, lakini angalia jioni nani wamejaa pale. Mama mwenye mkungu wa ndizi anangoja lori la Fuso linalokusanya mzigo wa Mwanza. Kijana wa bodaboda ameegemea pikipiki, anangoja abiria wa gari ambalo halijafika. Fundi cherehani barazani anangoja mteja achukue sare aliyolipia nusu. Mwuza chapati anaishi kwa kungoja kwa hao wote. Ukimwuliza mmoja wao duka la dawa liko barabara gani atakutazama. Atakuambia: pale wanaposhuka watu wa Nkwenda.

Ushahidi wa Murongo ni mkali zaidi, kwa kuwa mpaka unatupatia jaribio la asili. Upande wa pili wa mto Kagera ni Kikagati, Uganda. Kwenye kivuko rasmi kuna kugonga muhuri, kukagua mzigo, kubadilisha shilingi kwa shilingi, na hapo pana maduka, vibanda, nyumba za kulala wageni, mtaa kamili. Juu na chini ya mto kuna njia za panya, na tangu miaka ya magendo kahawa nyingi imevuka huko usiku kufuata bei. Huko hakujengwi kibanda. Mzigo unaweza kuwa mkubwa, watu wanaweza kuwa wengi, ila ubora wa njia ya panya ni kwamba hakuna anayesimama. Njia ipo, mtaa haupo.

Kahawa hiyohiyo inanilazimisha kuongeza jambo ambalo hoja yangu ya awali haikulitazamia. Si kila mtu ana uwezo wa kungoja. Mkulima wa Kyerwa anayedaiwa ada ya shule huuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupwa. Hiyo ndiyo butura. Anachouza hasa ni miezi yake ya kungoja, na anayeinunua ni mtu mwenye ghala mtaani. Mtaa basi si pa kungojea kwa usawa. Wenye ghala hungoja na kunenepa, wengine hungoja na kukonda, na sioni sababu ya kuamini kwamba Kafuro ilikuwa tofauti.

Hapa sera mbili zinagongana bila kujua. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kubwa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba nyingi nchini zikapigwa alama ya X ya kubomolewa. Mtaalamu wa barabara anataka watu wakae mbali na mstari ili gari lisisimame. Mtaalamu wa anwani anataka wahesabiwe kwa mstari huohuo. Ukuta unarudi nyuma, meza ya nyanya inasogea mbele, kwa kuwa anayengoja gari hatembei mita 30 kwenda kununua. Pendekezo langu kwa halmashauri mbili hizi ni dogo: daftari la anwani liandike jina la kituo kwanza, lenye omu- yake, ndipo lifuate jina la barabara. Pengine linafaa Kagera yote. Sidhani kama linafaa Dar es Salaam.

Hoja isiyoweza kuanguka haina thamani, kwa hiyo naiwekea mtego. Barabara ya Omugakorongo–Kigarama–Murongo, kilomita 111, imo katika mipango ya lami. Lami ikifika mwisho, vituo vilivyoishi kwa sababu tope la masika lilikwamisha malori vitapungua maduka ndani ya miaka michache, ingawa barabara mbele yake itakuwa nzuri kuliko wakati wowote. Vile vyenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, ambako mkulima hukaa akisubiri mzani na malipo, vitakua. Vituo vya tope vikinawiri na vya mzani vikafa, basi wenye nadharia ya mstari wamenishinda, na Kafuro itabidi isomwe upya.