Linux bila dirisha jeusi: mtu wa kawaida ataiweza?

Mzee mwenye kafe ninayoshinda hapa Kibirizi, Kigoma, aliniuliza: "Kijana, hiyo Linux yenu mtu anaweza kuitumia bila kuandika amri kwenye lile dirisha jeusi?" Hakuuliza kwa utani. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zake nne ni za zamani, Windows 11 inazikataa. Pesa ya kununua mpya hana. Akanipa moja nijaribu.

Linux ni nini?
Ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Ni bure, na kuinakili si wizi. Simu ya Android nayo imejengwa juu ya kiini hicho, kwa hiyo wengi tunaitumia bila kujua. Kwenye kompyuta inakuja kwa sura nyingi: Ubuntu (tangu 2004), Linux Mint (tangu 2006) na nyingine. Kwetu si ngeni pia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyokubali Linux na Windows.

Yanayokwenda kwa mausi tu
Niliweka Mint. Faili lake ni karibu GB 3, kwa hiyo jipange na bando. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuionja kabla hujagusa Windows. Firefox ipo, WhatsApp unafungua kwenye kivinjari, VLC inapiga muziki na filamu. LibreOffice inafungua faili za Word, ila mistari inaweza kuhama kwa sababu baadhi ya fonti hazimo. Virusi vya Windows vinavyotembea kwenye flashi haviwezi kujiendesha humo kama kule, ingawa faili chafu bado unaweza kumpelekea mwenzako. Wiki nzima wateja walikaa, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza mashine imefanya nini.

Palipokwama
Printa. Mama mmoja muuza dagaa alikuja kuprinti barua ya kuomba mkopo, huku boti ya Mwamgongo ikipakia. Printa ya kafe ni ya lesa, ya zamani, Mint haikuijua. Nikatafuta kwenye simu, majibu yote yakawa: fungua dirisha jeusi, andika hivi. Nikaandika, likagoma. Nikaandika tena. Mama akasema, "Mwanangu, boti haitanisubiri." Akaondoka bila barua. Nilifanikiwa jioni, lakini yeye alikuwa ameshafika mbali ziwani. Jamani, niliona aibu.

Jambo la pili ni programu. Kwenye Windows tumezoea kupeana kwa flashi, unabonyeza mara mbili basi. Kwenye Linux nyingi unazichukua kwenye duka lake, kwa mausi, ila kwa intaneti. Ukiishiwa bando, umekwama.

Kwa hiyo?
Kwa mtu wa kuperuzi, kuandika barua na kutazama filamu, ipo tayari, bila dirisha jeusi. Kwa anayeihudumia kafe, bado atalifungua siku moja moja. Nashauri hivi:

1. Ionje kwanza kutoka kwenye flashi: Wi-Fi, sauti, na hasa PRINTA.
2. Nakili kazi zako pembeni kabla ya kuiweka moja kwa moja.
3. Barua ya mtu igeuze PDF kwenye mashine iliyoiandika, ndipo uprinti.
4. Usibadilishe mashine zote siku moja.

Mzee amebadilisha tatu. Ya nne, yenye printa, ameiacha na Windows, tena kaichomoa intaneti. Yule mama alirudi wiki iliyofuata, tukamprintia bure.

Mdau mwenye printa iliyokubali bila kuandika amri, ataje ni aina gani. Nawasilisha.