Mazoezi huacha alama kwenye damu ya waliotibiwa saratani ya matiti

MWANAMKE anapomaliza matibabu ya saratani ya matiti, jambo la kwanza analoambiwa na ndugu na majirani ni kupumzika. Ndoo ya maji hutwaliwa mikononi mwake, ufagio hukabidhiwa binti, na safari ya sokoni hufanywa na mtu mwingine.

Huruma hiyo ni ya kiungwana. Hata hivyo, tafiti za zaidi ya miaka 20 zinaonyesha kuwa mapumziko yasiyo na kikomo humdhoofisha mgonjwa, na kwamba udhaifu huo hauishii kwenye misuli, bali husomeka pia ndani ya damu yake.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake milioni 2.3 waligundulika kuwa na saratani ya matiti mwaka 2022, na watu 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Wengi wanaogundulika mapema huishi miaka mingi baada ya tiba, na ndiyo maana suala la afya yao baada ya kutoka hospitalini limepewa uzito.

Tiba huponya, lakini huchosha

Nguvu za mgonjwa hupunguzwa na mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Dawa za kemikali hupunguza chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kusafirisha oksijeni, na baadhi yake, kama vile doksorubisini, zinaweza kudhuru misuli ya moyo. Tiba ya mionzi huleta uchovu, na upasuaji wa kwapani huweza kuufanya mkono ukaze au uvimbe.

Juu ya hayo huja kukaa kitandani kwa muda mrefu na, kwa wanawake wengi, kuongezeka kwa uzito.

Wataalamu hupima ukakamavu wa mwili kwa kuangalia kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia wakati wa mazoezi makali. Mtu hutembezwa kwenye mashine ya kukimbilia au huendesha baiskeli isiyosogea, huku hewa anayovuta na kuitoa ikipimwa.

Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012, uliohusisha wanawake 248 wenye saratani ya matiti walio katika hatua mbalimbali za matibabu, ulibaini kuwa kiwango chao kilikuwa chini kwa wastani wa asilimia 27 kikilinganishwa na cha wanawake wenye afya njema ambao nao hawakuwa na desturi ya kufanya mazoezi.

Kwa lugha nyepesi, ngazi za ghorofa ya pili ambazo jirani huzipanda akiongea, mwanamke huyo huzipanda akihema.

Damu inasema nini?

Katika damu, watafiti hufuatilia hasa viashiria vitatu. Cha kwanza ni insulini, homoni itokayo kwenye kongosho ambayo huiwezesha sukari kuingia kwenye seli. Cha pili ni homoni ya ukuaji inayofanana na insulini, ijulikanayo kwa kifupi kama IGF-1. Homoni hizi mbili, zinapokuwa nyingi, huchochea seli kugawanyika, zikiwamo seli za saratani.

Cha tatu ni protini iitwayo CRP, ambayo hutengenezwa na ini na huongezeka pale mwili unapokuwa katika hali ya kujihami, kama wakati wa maambukizi au majeraha. Kwa watu wenye mafuta mengi tumboni, hali hiyo huweza kudumu kichinichini kwa miaka bila dalili yoyote.

Umuhimu wa insulini ulidhihirishwa na utafiti wa Toronto, Canada, uliochapishwa mwaka 2002. Wanawake 512 waliokuwa na saratani ya matiti ya hatua za awali, wasio na kisukari, walipimwa insulini kabla ya kula. Waliokuwa katika robo yenye kiwango cha juu zaidi walikabiliwa na hatari mara mbili ya saratani kuibuka tena sehemu nyingine za mwili, na hatari mara tatu ya kufariki, wakilinganishwa na wale wa robo ya chini kabisa.

Mazoezi huingia hapo kwa njia iliyo wazi. Msuli unaofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu bila kuhitaji insulini nyingi, hivyo kongosho hupunguziwa mzigo. Mafuta ya tumboni yanapopungua, protini zinazochochea hali ya kujihami nazo hupungua. Aidha, kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mafuta ya mwili ndicho chanzo kikuu cha homoni ya estrojeni, ambayo hulisha aina nyingi za saratani ya matiti.

Matokeo ya majaribio

Huko Edmonton, Canada, wanawake 53 waliokoma hedhi na kumaliza matibabu waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja liliendesha baiskeli zisizosogea mara tatu kwa wiki kwa wiki 15, na jingine liliendelea na maisha ya kawaida.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalionyesha kuwa uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa walioendesha baiskeli, na IGF-1 katika damu yao ikashuka. Insulini yao, hata hivyo, haikubadilika kwa kiasi cha kutegemewa. Ripoti ya mwaka 2005 kuhusu wanawake haohao ilionyesha dalili za kushuka kwa CRP.

Jaribio jingine, la Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, lilihusisha wanawake 75 kwa miezi sita, zoezi lao kubwa likiwa ni kutembea kwa kasi. Matokeo yake ya mwaka 2009 yalionyesha tofauti ya asilimia 8.9 ya IGF-1 kati ya waliofanya mazoezi na wasiofanya. Tofauti ya insulini ilikuwa asilimia 20.7, lakini kutokana na uchache wa washiriki, watafiti hawakuweza kuondoa uwezekano kwamba ilitokea kwa bahati tu.

Je, mabadiliko hayo ya damu huongeza maisha? Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Utafiti wa wauguzi 2,987 wa Marekani waliougua saratani ya matiti, uliochapishwa mwaka 2005, ulibaini kuwa waliofanya mazoezi yanayolingana na kutembea saa tatu hadi tano kwa wiki, kwa mwendo wa kawaida, walikuwa na hatari ya kufa kwa ugonjwa huo iliyo karibu nusu ya wale waliofanya kidogo sana. Kuzidisha zaidi ya hapo hakukuleta nyongeza ya faida.

Lakini wauguzi hao hawakupangiwa mazoezi, walijichagulia wenyewe. Inawezekana waliotembea zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na nguvu zaidi.

Ushahidi mzito zaidi ulipatikana mwaka 2025, katika jaribio la wagonjwa 889 waliopangwa kwa kura, ambapo programu ya mazoezi ya miaka mitatu ilipunguza hatari ya kifo kwa asilimia 37. Wagonjwa hao, hata hivyo, walikuwa na saratani ya utumbo mpana, si ya matiti.

Namna ya kuanza

Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2019 kwa watu waliougua saratani unapendekeza mazoezi ya kuongeza pumzi, kama vile kutembea kwa kasi, kwa dakika 30 mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwanamke aliyetoka kwenye tiba anaweza kuanza na dakika 10 za kutembea mtaani jioni, akiongeza kidogo kila wiki. Kipimo rahisi ni pumzi: aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba.

Hofu ya kuutumia mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji nayo ilichunguzwa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 uliwashirikisha wanawake 141 waliokuwa na uvimbe wa mkono. Walionyanyua vyuma taratibu, kwa kusimamiwa na kwa kuongeza uzito kidogo kidogo, hawakuvimba zaidi ya wenzao, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache kwao.

Ni muhimu kumuona daktari kwanza iwapo kuna maumivu ya kifua, kizunguzungu, homa, upungufu wa damu, au saratani iliyofika kwenye mifupa, kwani mifupa hiyo huvunjika kwa urahisi.

Vilevile, hakuna sababu ya mgonjwa kutumia fedha zake kupima CRP au IGF-1 kila mwezi kwa lengo la kujua kama saratani imerudi. CRP hupanda hata kwa malaria, mafua au kidonda, na vipimo hivyo viwili havitumiki kutambua kurudi kwa ugonjwa. Kinachomlinda ni kuhudhuria kliniki kwa tarehe alizopangiwa na kumeza dawa zake, kama vile tamoksifeni, bila kukatisha, kwani mazoezi hayachukui nafasi ya dawa.

Kwa familia, huruma inaweza kubadilishwa sura. Badala ya kumwambia alale, ndugu mmoja anaweza kuvaa raba na kumsindikiza kutembea.