Geji ya fundi na matrekta ya karanga

Kimya changu msikione dharau, nilikuwa likizo nyumbani Nachingwea na nimerudi chuoni juzi usiku, mgongo hoi kwa safari ya basi. Ijumaa natakiwa kukabidhi insha ya historia ya uchumi kuhusu mpango wa karanga wa Waingereza. Sijaandika hata ukurasa. Badala yake naandika hii, ila msicheke, mtaona zinakutana wapi.

Kisa chenyewe ni mjomba wangu wa Ruangwa. Kauza korosho, hela zimeingia, kasikia kuna pikapu ya petroli inauzwa Nachingwea mjini. Tukaenda kuiona. Rangi inang'aa, injini inaunguruma taratibu utadhani paka kalala. Mjomba tayari kashaingiza mkono mfukoni! Sasa kwenye hela zile mna ada za binamu zangu wawili, nikaona nikinyamaza itakuwa dhambi. Nikamwambia, "Mjomba, samahani, tupite kwanza kwa fundi akapime kompresheni." Akanitazama kama nimemtukana mwenye gari.

Kwa wasiojua: pistoni ikipanda huku vavu zimefungwa, inabana hewa ndani ya silinda. Geji inakuonyesha imebanwa kiasi gani. Unachomoa plagi zote, unakata umeme wa plagi na mafuta, unafunga geji kwenye tundu la plagi, mtu anakanyaga mafuta mpaka chini, halafu unazungusha stata mpaka sindano igome kupanda. Silinda moja baada ya nyingine.

Kijana wa gereji akapima harakaharaka: 85, 84, 82, 85, kwa pauni za inchi ya mraba. Mwenye gari akaruka, "Geji yenu mbovu!" Na kusema kweli alikuwa na haki nusu. Injini ilikuwa baridi, betri imechoka inazungusha kwa kusinzia, na hakuna aliyekanyaga mafuta, kwa hiyo hewa yenyewe ilikuwa inaingia kwa taabu. Ukikuta silinda zote ziko chini, kabla hujaihukumu injini, hukumu kwanza kipimo chako. Fundi mkubwa akamfokea kijana, plagi zikarudishwa, gari likazungushwa mjini likapata moto, tukaazima betri nzima, mimi nikawekwa kwenye pedali. Safari hii: 112, 110, 108, 112.

Mjomba akafurahi. "Si umeona zinalingana?"

Hapo ndipo watu wengi wanapolizwa. Tumezoea kuambiwa tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10 hivi, na pale haikufika hata 4. Lakini kitabu cha injini ile kinataka karibu 170, na chini ya 130 kinasema fungua. Maana yake zote nne zimechoka kwa pamoja, na ndiyo maana inaunguruma kwa upole, hakuna silinda inayomwangusha mwenzake. Fundi akamimina oili kijiko kimoja kila tundu, akapima tena: 150, 146, 145, 149. Oili inaziba kwa muda mfupi upenyo kati ya ringi na ukuta wa silinda. Namba zikipanda namna ile, ugonjwa uko kwenye ringi na ukuta. Zingegoma kupanda, tungeshuku vavu. Na zingekuwa chini mbili tu zinazopakana, tungeanza na gasketi ya silinda hedi.

Akafungua chujio la hewa. Limechanika, na ndani yake vumbi jekundu la kwetu, lile linalokaa kwenye kola ya shati hata ukifua mara tatu. Injini ilikuwa inalivuta hilo vumbi kama msasa, sijui kwa miaka mingapi. Mwenye gari akasema, "Ni dereva niliyekuwa naye, hakuwa mwangalifu."

Jamani, sentensi hiyo nimeisoma maktaba!

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Frank Samuel wa United Africa Company akapeleka wazo la karanga, timu ya John Wakefield ikaja kukagua, ikarudi na hesabu ya mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja. 55 kati ya hayo yawe Jimbo la Kusini, yaani huku kwetu. Kazi ikaanzia Kongwa 1947. Matrekta mapya hayakupatikana kirahisi baada ya vita, basi wakanunua mabaki ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yamelala Ufilipino kwenye mvua na joto. Mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kabla mwaka haujaisha, sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imelala chini. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000, zikapandwa kama 7,500.

Lawama nyingi zikawaangukia madereva wa Kiafrika waliofundishwa kwa wiki chache. Siwatetei wote, trekta ukiliendesha bila oili litakufa tu. Lakini mashine iliyofika imechoka, ikatiwa kwenye vumbi la Kongwa lenye chembe za kula chuma, haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya dereva aliyeikuta hivyo. Hoja yangu ya Ijumaa ni hiyo: huwezi kusema nani kaua injini kama hukujua ilikuja na pumzi kiasi gani. Namba ya siku ya kwanza ndiyo shahidi. Profesa akinipa C, nitamletea fundi.

Nachingwea tuliletewa reli, ilifunguliwa 1949 kutoka Mkwaya kwenye ghuba ya Lindi. Ikasubiri karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupa mpango mzima, pauni milioni 36 zikapotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Lililobaki na faida, kwa maoni yangu, ni Farm 17. Shamba la karanga hilo, baadaye FRELIMO wakafundishia wapiganaji wao pale. Hiyo nitaiandikia siku nyingine, ina mambo.

Mjomba je? Alitoa bei yenye kupunguza gharama ya kupanua silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi. Mwenye gari akakataa, akasema tumekuja kumtangazia gari bovu. Mjomba akarudi Ruangwa kwenye bodaboda na hela zake, njia nzima hakunisemesha. Nilijua nimekosana naye.

Jana usiku kanipigia. Kaona pikapu nyingine Lindi, na anauliza ile geji Kariakoo inauzwa shilingi ngapi. Kesho baada ya kipindi cha saa nne nateremka kuulizia.