Kuteguka kifundo cha mguu

Kuteguka kifundo cha mguu ni jeraha la ligamenti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa. Mara nyingi unyayo hupindukia ndani, na ligamenti ya mbele, upande wa nje, huumia kwanza. Kuna madaraja 3: kuvutika, kuchanika kiasi na kukatika kabisa.

Asiyeweza kutembea hatua 4 hupigwa eksirei, kwani huenda mfupa umevunjika.

Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza kanuni ya mapumziko, barafu, bandeji na kuinua mguu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona. Siku hizi mgonjwa huhimizwa kukanyaga mapema, kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja hupunguza hatari ya kuteguka tena.