Nyota za Wachumba: Hesabu ya Kupatana Inapima Nini?

Katika miji ya mwambao wetu, zipo familia ambazo posa ikishaletwa hazitoi jibu mpaka majina ya wawili hao yapelekwe kwa mwalimu wa falaki. Jibu likirudi kwamba nyota zinapatana, mambo ya mahari na siku ya harusi yanaendelea. Likirudi kwamba hazipatani, mshenga anarudishwa kwa heshima na hapewi sababu nyingine. Wanaofanya hivyo si wajinga. Wanajaribu kuwakinga watoto wao na ndoa mbaya, na hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini kinga wanayoitumia haina habari yoyote kuhusu watu wanaohukumiwa, na madhara yake humwangukia mwanamke zaidi kuliko mwanamume.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wanaoitetea na wengi wanaoibeza hawajawahi kuifuatilia hatua kwa hatua. Kwa namna iliyoenea zaidi kwetu, jina la mtu na jina la mama yake huandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ikapewa thamani yake ya abjadi, kuanzia alif ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1,000. Jumla huondolewa kumi na mbili kumi na mbili, na mabaki huonyesha buruji: 1 ni Hamali, 2 ni Thauri, 3 ni Jauza, na kuendelea hadi Hutu. Kila buruji ina tabia ya moto, udongo, upepo au maji, na hukumu ya ndoa hutokana na tabia hizo kukubaliana au kugombana.

Tuchukue Ali aliyezaliwa na Maryamu, anayemposa Fatima aliyezaliwa na Hawa. Ali ni aini 70, lamu 30 na ya 10, jumla 110. Maryamu ni mimu 40, ra 200, ya 10 na mimu 40, jumla 290. Majina mawili yanatoa 400, na baada ya kuondoa kumi na mbili zote yanabaki 4. Ali ni Saratani, tabia yake maji. Fatima ni fa 80, alif 1, ta nzito 9 na mimu 40, kisha inakuja herufi ya mwisho, ta marbuta. Ikihesabiwa kama ha, thamani yake ni 5, na jina zima ni 135. Hawa ni ha nzito 8, wau 6 na alif 1, jumla 15. Hapo tuna 150, mabaki 6, yaani Sumbula, tabia ya udongo. Maji na udongo ni marafiki, kwa hiyo ndoa ipite. Lakini ta marbuta ikihesabiwa kama ta ya kawaida, thamani yake ni 400. Fatima anakuwa 530, pamoja na mama yake 545, mabaki 5: Asadi, tabia ya moto. Moto na maji havikai chungu kimoja, kwa hiyo posa irudishwe. Na tukiacha ta marbuta ibaki 5 lakini tukaandika jina la Hawa kwa hamza mwishoni na kuihesabu 1, mabaki yanakuwa 7, yaani Mizani, tabia ya upepo.

Ni binti yule yule na mama yule yule. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwandishi kuhusu herufi moja. Mtetezi atasema mwalimu hodari anajua kanuni ipi ni sahihi. Atuambie basi aliijuaje. Njia pekee ya kujua ingekuwa kuweka kumbukumbu za ndoa nyingi, zilizokubaliwa na zilizokataliwa, na kuangalia kwa miaka zipi zilidumu. Kumbukumbu hizo hazitunzwi, na ndoa iliyokataliwa haifungwi ili tuone ingekuwaje. Pia hesabu hii haikuitazama mbingu hata mara moja. Kila Ali aliyezaliwa na Maryamu, awe mchamungu au mlevi, wa Lamu au wa Muscat, ana nyota ile ile. Kitabu maarufu cha hesabu ya namna hii kinanasibishwa na Abu Ma'shar wa Balkh, mnajimu wa karne ya 9, ilhali kazi zake zinazofahamika zaidi zinahusu mahali zilipo sayari angani. Namna ya majina ilipendwa kwa sababu ya busara ya kijamii: saa ya kuzaliwa haikuandikwa popote, lakini mama wa mtu anajulikana daima. Inaeleweka kwa nini ilienea, na kuenea kwake si ushahidi kwamba inasema kweli.

Wapo watakaokubali haya yote na kusema kwamba elimu ya kweli ni ile ya tarehe ya kuzaliwa. Asili yake ni kongwe. Ptolemy, aliyeandika Alexandria katika karne ya 2, ana sura nzima ya ndoa katika Tetrabiblos, ambamo anashauri jua na mwezi vya mume vilinganishwe na vya mke. Nyota za magazetini ni masalia yaliyopunguzwa sana ya elimu hiyo. Madai ya namna hii yanaweza kupimwa, na yamepimwa. Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alichambua takwimu za sensa ya mwaka 2001 ya England na Wales, watu zaidi ya milioni 20, yaani wanandoa zaidi ya milioni 10. Kama nyota fulani huvutana, basi ndoa za nyota hizo zingekuwa nyingi kuliko zinavyotarajiwa kwa bahati tu. Kwa idadi kubwa kiasi hicho, hata mvuto unaogusa ndoa moja kati ya elfu moja ungeonekana. Haukuonekana. Ziada ndogo ya wanandoa wenye nyota moja ilitokana na makosa ya ujazaji wa fomu, ambapo mtu mmoja hujaza tarehe za watu wote wa nyumbani.

Isitoshe, wanajimu wenyewe hawakubaliani nyota ya mtu ni ipi. Mtu aliyezaliwa Aprili mosi ni Hamali kwa hesabu ya Magharibi. Kwa hesabu ya Kihindi, ambayo hupimwa kwa nyota zenyewe na sasa imepishana na ile ya Magharibi kwa nyuzi takriban 24, jua lake limo katika Hutu. Kwa abjadi anaweza kuwa chochote.

Hesabu ya Kihindi inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote na mamilioni ya familia bado huifuata. Mwezi wa kila mchumba hutafutwa ulikuwa katika lipi kati ya makazi 27 alipozaliwa, kisha wawili hao hupewa alama katika vipengele vinane, kuanzia kipengele cha alama 1 hadi cha alama 8, jumla 36. Wanaopungukiwa na 18 kwa kawaida huambiwa wasioane. Kipengele kizito kuliko vyote, chenye alama 8, kinaitwa nadi, na husemwa kuwa kinahusu afya ya uzao. Makazi 27 yamegawanywa katika makundi matatu ya tisa tisa, na wachumba wa kundi moja hupata sifuri. Maana yake ni kwamba, kati ya kila jozi tatu za wachumba waliokutana kwa bahati, takriban moja hupoteza alama zote 8 kabla mtu hajauliza lolote kuhusu tabia, dini, deni au ugonjwa.

Kuna pia kasoro ya Mirihi. Sayari hiyo ikiwa katika nyumba ya 1, ya 4, ya 7, ya 8 au ya 12 ya ramani ya kuzaliwa, mtu huitwa manglik na hudhaniwa kwamba ataleta maafa kwa mwenzake. Nyumba 5 kati ya 12 ni zaidi ya thuluthi moja ya wanadamu wote. Kwa kanuni, kasoro hiyo inaweza kuwa ya mwanamume pia. Kwa matendo, anayepelekwa kufungishwa ndoa ya kuigiza na mti au mtungi, ili balaa iishie huko, mara nyingi ni binti.

Japani inaonyesha mzigo huu kwa takwimu za taifa zima. Katika kalenda ya mzunguko wa miaka 60 iliyotoka China, mwaka wa farasi wa moto unaaminika kuzaa wanawake wakali wanaofupisha maisha ya waume zao. Mwaka huo ulipoingia 1966, vizazi vilishuka kutoka takriban milioni 1.82 mwaka uliotangulia hadi milioni 1.36, kisha vikapanda hadi milioni 1.94 mwaka 1967. Wengi wa wazazi walioepuka kuzaa mwaka 1966 hawakuhitaji kuamini kwamba binti yao angemdhuru mume. Ilitosha kuhofia kwamba wakwe watarajiwa wangeamini. Kwa hiyo imani ilikuwa na nguvu halisi, na nguvu hiyo yote ilitoka kwa watu. Mwaka 2026 ni wa farasi wa moto tena.

Nafika kwenye hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Inasemwa kwamba hata kama nyota hazisemi kweli, zinatunza amani: familia inakataa posa bila kumvunjia mtu heshima, maana aliyekataa ni nyota. Naiheshimu hoja hii, kwa kuwa kukataa bila kutukana ni ustaarabu. Ila haisimami. Watu wetu wana njia nyingi za kukataa kwa adabu: binti bado anasoma, ameshaposwa, tumeswali istikhara na moyo haukutulia. Majibu hayo huishia siku ile ile. Hukumu ya nyota haiishi hapo. Posa ikirudi mara mbili au tatu, wanaume waliokataliwa wanaenda kuposa kwingine, na binti anabaki na sifa ya kuwa na nyota nzito. Ataambiwa akasafishwe nyota, na atalipia. Yale yaliyoanza kama kutopatana kwa watu wawili yamegeuka kuwa ugonjwa wa mmoja.

Hata hukumu njema ina hatari yake. Mke akirudi kwao kulalamika kwamba anapigwa, mzazi aliyeridhika na nyota ana sababu ya kumwambia avumilie. Na pale palipotolewa onyo, ugomvi wa kwanza wa nyumbani husomwa kama utabiri uliotimia, na wazee waliopaswa kusuluhisha hawaoni haja ya kukaa kitako.

Kulinganisha watu wawili kabla ya ndoa ni jambo la busara, na desturi ya zamani ya kumpeleleza mposaji, kuuliza majirani, msikitini na kazini kwake, ilikuwa bora mara mia kuliko abjadi. Leo upo ulinganisho mwingine unaohusu uzao kwa kweli. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa kubeba nusu ya urithi huo humkinga mtu na malaria kali, na kwa hiyo wabebaji ni wengi. Mbebaji huwa mzima na mara nyingi hajijui. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo moja kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo ni damu kidogo, na jibu linaweza kurudiwa katika maabara nyingine likalinganishwa. Saudi Arabia ililazimisha upimaji huu kabla ya ndoa mwaka 2004, na baada ya majibu uamuzi wa kuoana unabaki kwa wachumba wenyewe.

Sisemi kipimo hicho hakiwezi kutumiwa vibaya. Familia iliyozoea kumtafutia binti mkosi inaweza kulitumia jibu la maabara kwa namna ile ile, na washauri wa afya wanapaswa kulitarajia hilo. Lakini hapa kuna jibu la kuwapa. Mbebaji peke yake hazai mtoto mwenye selimundu, awe mwanamke au mwanamume. Urithi lazima utoke kwa baba na kwa mama pia, na mshenga anayepeleka majibu kwa upande mmoja tu amepeleka nusu ya habari.