Mama wa noti ya tano

Wasee, leo tuanze na pesa. Shosho yangu anaishi Runyenjes, Embu, na kwa mkebe wake wa majani chai kuna noti ya shilingi 5. Ndiyo, tano ilikuwa noti kabla iwe sarafu. Mbele kuna Mzee Kenyatta. Geuza nyuma: mwanamke anachuma kahawa.

Ilitoka Septemba 1966, kati ya noti za kwanza kabisa za Kenya yenyewe. Nikamwambia, "Shosho, si huyu ni wewe?" Akacheka. "Mimi hata hiyo tano sikulipwa."

Hakuwa anatania. Wakoloni walikuwa wamewazuia Waafrika kulima kahawa. Ni miaka ya 1930 ndipo walikubali ijaribiwe Meru, Embu na Kisii, tena kwa masharti. Halafu 1954, vita vya Mau Mau vikiwa bado moto, Mpango wa Swynnerton ukaja: mashamba yapimwe, watu wapewe hati, wapande mazao ya kuuza. Sasa sikiza. Hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume, ati wao ndio wenye boma. Na chama cha ushirika kililipa mwanachama, yaani mwenye shamba.

Kwa hivyo shosho anaamka giza, anateka maji, anawasha moto, anapika uji. Anafunga mtoto mgongoni, anaingia kwa kahawa. Jioni anabeba gunia hadi kiwandani, kamba kichwani, halafu anarudi na kuni. Pesa ikitoka, jina kwa karatasi ni la guka.

Hiyo picha ya noti ni poa, lakini inaonyesha kazi moja tu, ile iliyoletea nchi pesa. Maji, kuni na uji hakuna aliyechora. Na bila huo uji, nani angechuma?

Utasema hayo ni ya kitambo. Zii. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mchango si pesa pekee: kazi za nyumbani, kulea watoto, kazi ya shamba, zote zinahesabika. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kila mtu athibitishe alichochangia. Naelewa, korti inataka ushahidi. Lakini shosho atatoa wapi risiti ya mitungi ya maji ya miaka arobaini?

Ndiyo maana naona tuna kazi. Ukienda ocha, usipige picha za migomba tu. Keti jikoni, washa simu, muulize shosho siku yake ilianza saa ngapi, na pesa ya kahawa ilienda wapi. Rekodi yote, hata akisema hayo si mambo ya maana.

Yangu aliniambia hivyo. Halafu akaongea masaa mawili.